Fleetwood Mac ya Peter Green (1967–1970): nianzie albamu ipi, na ile sauti ya gitaa ilipatikanaje?

Solo_Kavu:

Habari wakuu. Ukitaja Fleetwood Mac, tisa kati ya kumi wanakurukia na albamu ya Rumours na mwimbaji Stevie Nicks. Mimi naulizia ile ya mwanzo, bendi ya bluzi ya Peter Green.

Nina mambo matatu. Kwanza, albamu zao zinanichanganya: majina yanafanana, na albamu hiyohiyo unaikuta na nyimbo tofauti kulingana na ilikotoka. Ya kuanzia ni ipi? Pili, sauti ya gitaa la Green, ile nyembamba inayotokea puani. Inasemekana pikapu moja (kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa mlio wake) iligeuzwa. Iligeuzwaje hasa, na inawezekana kwenye gitaa la kawaida lenye pikapu mbili za koili mbilimbili, si Gibson Les Paul ya bei ya nyumba? Tatu, bendi ilikuwa juu kabisa 1969, halafu ikawaje?

Mwenye kujua kwa undani atiririke.

Santuri45:

Mkuu, tenganisha lebo (kampuni za santuri) kwanza, mengine yatajipanga yenyewe. Kuanzia 1967 hadi mwanzoni mwa 1969 walikuwa Blue Horizon, lebo ya Mike Vernon. Aprili 1969 walitoa singo moja tu Immediate, "Man of the World". Baada ya hapo wakahamia Reprise. Fujo yote ya orodha za nyimbo inatokana na kuhama huko, pamoja na tabia ya kampuni za Marekani kupanga upya albamu za Waingereza.

Chimbuko lao ni kwa John Mayall na bendi yake ya bluzi, Bluesbreakers. Green aliingia Bluesbreakers 1966 kushika nafasi ya Eric Clapton, akarekodi nao A Hard Road. Hapo alimkuta John McVie kwenye besi, na kwa muda mfupi alipita Mick Fleetwood kwenye dramu. Mayall alimpa Green muda wa studio kama zawadi, naye akautumia kurekodi kipande kisicho na maneno alichokipa jina la watu hao wawili. Alipotoka 1967 kuanzisha bendi yake akaondoka na jina hilo, wakati McVie mwenyewe bado yuko kwa Mayall! Ndiyo maana onyesho la kwanza, tamasha la Windsor tarehe 13 Agosti 1967, besi ilipigwa na Bob Brunning. McVie alijiunga Septemba. Ukitaka kumsikia Brunning, yuko kwenye "Long Grey Mare" katika albamu ya kwanza.

Sasa albamu. Ya kwanza ilitoka Februari 1968, inaitwa Fleetwood Mac tu. Wapenzi huiita Peter Green's Fleetwood Mac ili isichanganywe na ile ya 1975 yenye jina hilohilo. Ukinunua mtandaoni angalia jalada: ya 1968 ina kichochoro na pipa la taka. Ilifika namba 4 Uingereza, jambo lisilo la kawaida kwa santuri ya bluzi tupu kutoka lebo ndogo.

Mr. Wonderful, Agosti 1968, binafsi naiweka chini. Jeremy Spencer, mpiga gitaa mwenzake Green, anafungua nyimbo nne kwa mlio uleule wa mkongwe wa bluzi Elmore James, kiasi kwamba ukiwa jikoni unadhani santuri imeruka. Walitaka pia sauti ya kikale, wakapitisha vyombo kwenye spika za jukwaani ndani ya studio na kurekodi kutoka hapo, matokeo yake ni matope. Kinachoiokoa ni uimbaji wa Green na piano ya Christine Perfect, ambaye wakati huo alikuwa mgeni tu, bado hajawa Christine McVie.

English Rose na The Pious Bird of Good Omen zote ni mikusanyo ya 1969. Ya kwanza ilitolewa kwa soko la Marekani, ya pili kwa Uingereza. Zote mbili zina "Black Magic Woman" na "Albatross", kwa hiyo usinunue zote ukidhani unapata vitu vipya. Mimi ningechukua Pious Bird kwa sababu ina "Need Your Love So Bad", ile yenye vinanda vilivyopangwa na Mickey Baker. Mgeni aanzie hapo, kisha albamu ya kwanza.

Halafu Then Play On, Septemba 1969, na hapa ndipo wengi wanaumia. Toleo la Uingereza lina nyimbo 14. Toleo la kwanza la Marekani liliacha "One Sunny Day" na "Without You" kwa kuwa zilikwishawekwa English Rose. Singo ya "Oh Well" ilipovuma, Wamarekani wakaichapa upya: wakaichomeka "Oh Well", wakaondoa "When You Say" na "My Dream" za Danny Kirwan, mpiga gitaa wa tatu wa bendi. Miaka mingi CD iliyosambaa ilifuata mpangilio wa Kimarekani. Toleo la 2013 lilirudisha mpangilio wa Uingereza na kuongeza singo mwishoni. Chukua hilo, achana na mengine.

Mwenye mfuko mzito: The Complete Blue Horizon Sessions, CD 6, ilitoka 1999. Inajumuisha pia rekodi za studio ya Chess, Chicago, Januari 1969, walikopiga na Willie Dixon, Otis Spann, Walter Horton, Honeyboy Edwards na Buddy Guy.

FundiNyuzi:

Nijibu la pili, maana limejaa hadithi za vijiweni.

Gitaa ni Gibson Les Paul ya 1959. Green aliwahi kuitoa pikapu ya shingoni, na iliporudishwa ilikaa kinyume: zile skrubu sita zinaangalia daraja (nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa) badala ya shingo. Kwa kuwa hilo linaonekana kwa macho kwenye picha, watu wakahitimisha kwamba ndiyo siri yenyewe. Siyo. Ukiizungusha pikapu digrii 180 bila kugusa kingine, mlio unabadilika kidogo sana, na mawimbi yanabaki palepale. Kilichobadilisha mlio ni sumaku ya ndani, ambayo imepinduliwa.

Inavyofanya kazi: swichi ya kuchagua pikapu ikiwa katikati, pikapu zote mbili zinaingia pamoja. Sumaku moja ikiwa kinyume, wimbi la pikapu moja linapanda wakati la nyingine linashuka. Masafa ya chini, ambayo pikapu zote mbili huyapokea karibu sawasawa, yanafutana. Yanabaki ya katikati kwenda juu, ndiyo hiyo pua unayoisikia. Swichi ikiwa shingoni peke yake au darajani peke yake, gitaa linalia kama Les Paul nyingine yoyote. Kwa hiyo usitafute mlio huo kila mahali. Sehemu kubwa ya anachopiga Green ni pikapu ya shingoni tu, volyumu imeshushwa kidogo, na rivabu (mwangwi) kutoka kwenye ampu, yaani kipaza sauti cha gitaa.

Kwa gitaa lako la kawaida inawezekana kabisa, almradi liwe na volyumu mbili, moja kwa kila pikapu. Fanya hivi.

Legeza nyuzi, fungua skrubu nne za fremu ya pikapu ya shingoni, inyanyue taratibu. Kabla ya lolote pima ukinzani kwa mita na uandike. Pikapu za aina ya zamani husoma kama kilo-omu 7 hadi 8, za kisasa zinaweza kupanda zaidi. Kama kuna kifuniko cha chuma, kimelehemiwa pande mbili kwenye bamba la chini. Yeyusha lehemu na ukitoe. Pindua pikapu. Utaona skrubu nne ndogo za shaba zinazoshika koili. Zilegeze, usizitoe. Kati ya koili mbili, chini, kuna kipande cha sumaku chenye umbo la kipande cha rula. Kisukume kwa kijiti cha mbao kitoke ubavuni.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Sumaku hii haina ncha zake mwishoni kama ile ya shuleni. Kaskazini na kusini ziko kwenye kingo zake mbili ndefu. Weka alama ya kalamu kwenye ukingo uliokuwa umegusa zile skrubu sita. Ukiirudisha, ukingo huo lazima uguse vijiti sita vya chuma vya koili ya pili. Ukiipindua juu-chini kisha ukaigeuza pia mbele-nyuma, umerudi ulikotoka, na utabaki unashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika. Fuata alama, usifuate kumbukumbu.

Kagua kwa dira kabla ya kufunga. Isogeze upande wa skrubu wa pikapu ya daraja, kisha upande wa skrubu wa ile ya shingoni. Sindano ivutwe kwa ncha tofauti. Ikivutwa kwa ncha ileile, bado hujafanya kitu.

Kinachoharibika: waya wa koili una unene wa takriban milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele. Bisibisi ikiteleza mara moja tu umeua pikapu. Nyingine zimezamishwa kwenye nta na sumaku imegandia humo. Pasha kwa kikausha nywele kwa mbali, nta ilegee, usilazimishe. Na usizitoe kabisa skrubu za shaba, koili zitaachana na kuvuta waya.

Ukimaliza, swichi katikati, volyumu zote 10: mlio utakuwa mwembamba mno na umepungua nguvu. Usiogope. Shusha ya shingoni hadi 7 au 8, unene unaanza kurudi. Mlio mzuri uko kwenye tofauti ndogo kati ya volyumu mbili, na ndiyo maana gitaa lenye volyumu moja, kama Stratocaster, halikupi uhuru huo hata ukiligeuza. Angalizo: kwa waya za kawaida za Les Paul, ukishusha moja hadi 0 swichi ikiwa katikati, gitaa lote linazima. Si ubovu.

Chupa_Slaidi:

FundiNyuzi kamaliza upande wa Green. Ila mlio wa bendi ile haukuwa wa mtu mmoja, na ukishika Green peke yake utakosa nusu.

Spencer alipiga karibu kila kitu kwa slaidi (kibomba kinachovaliwa kidoleni na kutelezeshwa juu ya nyuzi), mtindo wa Elmore James, gitaa likiwa limetyuniwa D wazi. Kutoka tyuni ya kawaida: uzi wa 6 shusha kutoka E hadi D, wa 5 na wa 4 viache (A na D), wa 3 shusha nusu hatua hadi F#, wa 2 shusha hadi A, wa 1 shusha hadi D. Ukipiga nyuzi zote wazi unapata D meja. Slaidi kwenye freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya 12 ni D tena, freti ya 5 ni G, freti ya 7 ni A. Bluzi nzima ya vipimo 12 iko kwenye sehemu hizo tatu pamoja na nyuzi wazi. Ule mlio maarufu wa kufungulia unapigwa freti ya 12 kwenye nyuzi za juu, mapigo matatumatatu, ukiingia kwa kuteleza kutoka freti moja au mbili nyuma.

Yanayokwamisha: slaidi ikae juu ya chuma chenyewe cha freti, si nyuma yake kama unavyoweka kidole. Milimita chache nyuma na uko chini ya sauti. Ivae kidole cha tatu au cha nne, na vidole vya nyuma yake viguse nyuzi kwa wepesi vizime kelele. Nyuzi nyembamba za 9 (seti huitwa kwa unene wa uzi wa kwanza) zikishushwa hivyo zinalegea na slaidi inagonga freti. Weka seti ya 11 au 12 na unyanyue daraja kidogo.

Danny Kirwan alijiunga Agosti 1968 akiwa na miaka 18, na hapo bendi ikawa na magitaa matatu ya mbele. Spencer hakuwa na hamu na nyimbo mpya za Green, kwa hiyo Green alihitaji mtu wa kujibizana naye. Sikiliza "Albatross": Spencer hayumo kabisa. Ni Green na Kirwan wakipiga sauti mbili zinazokwenda sambamba, McVie chini, na Fleetwood akitumia fimbo zenye vichwa laini badala ya fimbo za kawaida, ndiyo maana dramu inavuma kama wimbi, haigongi. Wanaojaribu kuipiga kwa fimbo za mbao wanaiua pale pale. Ilitoka Novemba 1968 na Januari 1969 ikawa namba 1 Uingereza, singo yao pekee kufika hapo. Haina neno hata moja.

Mwenye kutaka wimbo mwepesi wa kuanzia achukue "Black Magic Woman". Ni D ndogo: vipimo viwili Dm, viwili Am, viwili Dm, viwili Gm, kisha Dm, Am, na kufunga kwa viwili vya Dm. Wengi wanaijua ya Santana ya 1970 na hawajui kwamba mtunzi ni Green, aliyeitoa Machi 1968 ikaishia namba 37. Tofauti ya kusikiliza: Green anaacha nafasi tupu baada ya kila mstari, na mwishoni bendi inageuka shafo ya haraka, yaani mdundo wa kudunda-dunda. Ukiijaza nafasi ile, umeshapiga ya Santana.

"Oh Well" nayo ina mtego wake. Riff, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, iko E, na watu wanaimudu kwa siku moja. Kinachowashinda ni kusimama. Anapoimba Green hakuna chombo chochote nyuma, halafu bendi nzima inarudi kwa pigo moja. Bila mtu wa kuhesabu kimoyomoyo mtarudi kila mmoja kwa wakati wake. Sehemu ya pili ya wimbo ni kitu kingine kabisa, gitaa la Kihispania na filimbi, bila hata chembe ya bluzi.

BesiNzito:

La tatu, kwa kifupi kadiri inavyowezekana, maana lina matukio kuliko tamthilia.

Mwaka 1969 walikuwa na "Albatross" namba 1, "Man of the World" namba 2, "Oh Well" namba 2. Ukisoma maneno ya "Man of the World" kwa makini utaona mtunzi hayuko sawa. Green alianza kusumbuliwa na pesa. Alitaka bendi igawe mapato yake kwa wenye shida, wenzake wakakataa. Machi 1970, Munich, ziara ya Ulaya, alitumia LSD kwenye nyumba ya jumuiya fulani. Fleetwood na McVie siku zote wameihesabu siku ile kuwa mwanzo wa mwisho, lakini kwa maoni yangu dalili zilikuwepo kabla, na kuibebesha Munich kila kitu ni kurahisisha. Aliondoka Mei 1970. Singo yake ya mwisho na bendi, "The Green Manalishi", ilitoka mwezi huohuo ikafika namba 10. Baadaye iligunduliwa kuwa ana skizofrenia.

Spencer naye: Februari 1971, Los Angeles, alitoka hotelini akisema anakwenda dukani. Walimpata siku kadhaa baadaye kwenye kundi la kidini la Children of God, na hakurudi. Kirwan alifukuzwa 1972. Wapiga gitaa watatu wa mbele, wote wamekwenda ndani ya miaka miwili na ushei. Bendi nyingine yoyote ingezikwa.

Iliyobaki hai ni ile iliyo kwenye jina, yaani dramu na besi, pamoja na Christine McVie aliyeingia rasmi 1970. Wakamwongeza Bob Welch, Mmarekani, 1971. Kati ya hapo na 1974 kuna Future Games, Bare Trees, Penguin, Mystery to Me na Heroes Are Hard to Find. Hizi zinadharauliwa bila haki. Bare Trees ina kazi nzuri kuliko zote ya Kirwan. Bluzi humo imebaki harufu tu.

Mwanzoni mwa 1974 ndipo kichekesho kilipotokea. Ziara ya Marekani ilikuwa imevunjika, na meneja wao Clifford Davis, akidai jina ni mali yake, akapeleka Marekani bendi nyingine kabisa ikipiga kama Fleetwood Mac. Watazamaji wakang'amua, kesi ikaenda mahakamani, na wenye jina wakakaa karibu mwaka bila kupiga jukwaani. Ndiyo sababu walihamia California, na huko Fleetwood, alipokuwa anakagua studio, akasikia kazi ya mpiga gitaa Lindsey Buckingham, aliyekuwa akipiga pamoja na Stevie Nicks. Mwanzoni mwa 1975 Buckingham na Nicks wako ndani. Yanayofuata unayajua.

Green alirudi jukwaani na Splinter Group miaka ya 1990, na alifariki 25 Julai 2020. Gitaa lake alikwisha muuzia Gary Moore mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu 2014 liko kwa Kirk Hammett wa Metallica.

Ongezeo kwa orodha ya Santuri45: rekodi za Boston Tea Party, Februari 1970. Hapo ndipo unasikia "Rattlesnake Shake" ikinyooshwa hadi dakika ishirini na kitu, na McVie hapotezi njia hata mara moja. Kwa mpiga besi ni shule kamili.

Solo_Kavu:

Asanteni sana wakuu, mmenimaliza kiu. FundiNyuzi, swali la nyongeza: pikapu yangu ya shingoni ina nyaya nne za rangi na mmoja mtupu. Nikibadilisha tu nyaya badala ya kufungua sumaku, matokeo ni yaleyale?

FundiNyuzi:

Ni yaleyale, na ni salama zaidi. Kwenye pikapu ya nyaya nne, mbili za kati zimelehemiwa pamoja na kufungwa utepe, hizo usiziguse. Moja inakwenda kwenye volyumu, moja inakwenda kwenye ardhi (njia ya kurudishia umeme, "earth") pamoja na ule mtupu. Badilishana hizo mbili za pembeni: iliyokuwa volyumu iende ardhi, iliyokuwa ardhi iende volyumu. Ule mtupu ubaki ardhini daima. Rangi hazifanani kati ya watengenezaji, kwa hiyo tafuta mchoro wa kampuni iliyotengeneza pikapu yako, usikopi wa rafiki.

Usijaribu hivyo kwenye pikapu yenye waya mmoja uliosukwa kwa nje. Huo msuko umeunganishwa na bamba na kifuniko, ukiugeuza kifuniko chote kinakuwa njia ya sauti, na gitaa litanguruma kila ukikigusa. Hiyo lazima sumaku.

Kwa kuwa unazo nyaya nne, nunua potenshometa (kitasa cha kuzungusha cha volyumu au toni) ya kuvuta na kusukuma, kilo-omu 500, uifunge mahali pa toni ya shingoni. Ina swichi yenye miguu sita chini yake. Nyaya mbili za pikapu zinaingia miguu miwili ya kati; miguu ya pembeni inaunganishwa kwa msalaba, kisha jozi moja ndiyo inayotoka kwenda volyumu na ardhi. Ukisukuma una Les Paul ya kawaida, ukivuta una Green. Pima kina cha tundu kabla ya kununua, kwani potenshometa hizo ni ndefu na kwenye gitaa lenye mwili mwembamba kifuniko cha nyuma hakitafunga.